Ta Rutta Alisikiliza kwa Meno

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Nilipewa kijiti cha mti wa mbuni, urefu wa mkono wa mtu mzima, kimebanduliwa gome na kulainishwa kwa kigae cha chupa, nikaambiwa nikiume.

"Kwa meno ya mbele," alisema mzee aliyenipa. "Uume kama muwa, ila usitafune."

Akaishika ncha ya pili, akaigusisha kwenye injini ya basi iliyokuwa ikinguruma, na kichwa changu chote kikajaa mlio. Nilidhani meno yatamwagika. Mzee alicheka mpaka akakaa juu ya debe. Mimi nilikuwa mtu mzima, nina mke na kibanja changu cha migomba huko Hamugembe, nimevaa shati la kanisani kwa heshima ya kazi mpya, na nilijiona nimechezewa. Jioni nilimwambia mke wangu kwamba nimeajiriwa kwa mwendawazimu.

Mwendawazimu huyo ndiye aliyenilea kazini. Jina lake Rutta, na kwa kuwa kwetu mwanamume wa heshima haitwi jina tupu, tulimwita Ta Rutta. Sasa nimestaafu, na ninyi vijana mliobaki karakana mmeniomba niwaandikie habari za kazi ile tangu mwanzo. Vyeo na mishahara siandiki. Vyeo havikuwepo, na mishahara mnaijua.

Tulikuwa na mabasi mawili, yote ya tajiri mmoja, kati ya Bukoba na Muleba. Kila asubuhi basi moja liliondoka mjini na la pili liliondoka Muleba, yakapishana Kamachumu mahali barabara ilipokuwa na upana wa kupishana. Karakana ilikuwa mjini, upande wa Bilele, banda la mabati lenye shimo la kuingilia chini ya gari. Safari hizo ndizo zilikuwa ratiba iliyoandikwa kwa chaki kwenye ubao wa kituo. Ratiba tuliyoifuata iliandikwa na mvua, na meli, na senene, panzi wetu wa kuliwa. Meli ya Mwanza ikichelewa, basi lilisubiri, maana nusu ya abiria walikuwa bado ziwani. Mvua ikinyesha Muhutwe, basi liliishia chini ya mlima na watu wakapanda kwa miguu wakiwa na mizigo kichwani. Na senene wakianguka, hapakuwa na ratiba. Mwaka mmoja tajiri aliandika ubaoni kwamba abiria hawaruhusiwi kushuka njiani kuokota senene. Siku hiyohiyo wa kwanza kushuka alikuwa dereva.

Waliojua kusoma ubao hawakuwa wengi, kwa hiyo mabadiliko ya safari yalitangazwa na kondakta wetu, Sosteni. Mungu alimpa Sosteni sauti ya kengele ya kanisa, lakini hakumpa kifuniko. Jambo ukimwambia asubuhi Bukoba, jioni linajulikana Muleba, na kesho yake linarudi mjini limenenepa. Kwa kutangaza kwamba basi la leo halitapanda Kamachumu, hakuwa na mfano wake. Kwa siri, ungejiuliza mara mbili.

Ta Rutta alinifundisha polepole. Mlima wa Muhutwe ndio uliokuwa darasa la breki, kwa sababu basi lililotoka Muleba liliushuka likiwa na magunia ya kahawa juu na watu ndani. Alipokuwa safarini, alimsimamisha dereva bondeni, akashuka, akazungukia magurudumu yote akigusa ngoma za breki kwa mgongo wa mkono. Mimi nilidhani anatafuta iliyoungua. "Ya moto imefanya kazi," aliniambia. "Niambie ya baridi ni ipi. Hiyo ndiyo inayobebwa na wenzake." Tangu hapo sijawahi kuiamini breki ya baridi, wala mfanyakazi asiyetoka jasho.

Wakati wa vita matairi yakawa adimu, na mipira ya ndani ikawa ya kuota tu ndotoni. Tulishindilia majani makavu ya migomba ndani ya tairi mpaka likawa gumu, tukalifunga kwa waya, na basi likaenda. Abiria walifika wamechoka kuliko waliotembea, lakini walifika. Springi zilipokatika tulizifunga kwa vipande vya mti na ngozi ya ng'ombe iliyolowekwa, ikikauka inakaza kuliko boliti. Naandika haya ili mkikosa spea msikae chini na kumlaumu tajiri kabla hamjatazama nje ya dirisha.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa kusikiliza. Mafundi wengine wa mjini waliweka bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni. Ta Rutta aliuma kijiti. Aliutembeza mti ule juu ya injini taratibu, macho ameyafumba, kisha akasema valvu ya pili imelegea, au beringi ya mbele imeanza kufa, na tukifungua tunaikuta hivyo. Valvu iliyolegea hugonga kavu. Beringi inayokufa hulalama chini kwa chini, kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Nilijifunza yote hayo kwa meno yangu, na mpaka leo nina jino moja la mbele lililosogea. Siku moja nilimwuliza kwa nini hatumii sikio kama wenzake.

"Sikio linasikia mengi mno," alisema. "Jino linasikia kile unachouma."

Nilirudia maneno hayo kila mahali. Niliyaona ya busara, na yalikuwa ya busara. Sikujua kwamba ndani yake kuna mtu aliyejificha.

Nilijua baada ya vita, wakati wa masika. Dereva na Sosteni walikuwa gatini wakisubiri meli, tumebaki wawili. Basi lilikuwa nje ya banda, limeinuliwa kwa jeki juu ya udongo uliolowa, na Ta Rutta yuko chini yake amelala chali. Nikaona jeki inaanza kuzama upande mmoja. Nikaita. Nikaita tena kwa sauti yangu yote, na yeye akaendelea kuimba wimbo wake wa kanisani huku anakaza nati. Nilimshika miguu yote miwili nikamvuta kama gunia. Kichwa chake kilipotoka tu, basi likakaa chini.

Tulibaki tumekaa matopeni. Hakutazama basi. Alitazama mdomo wangu.

"Uliniita?" aliuliza.

"Nimeita, waitu. Nimeita mpaka koo limekauka," nilijibu. Waitu kwetu ni neno la kumheshimu mtu.

Akafuta mikono kwenye suruali kwa muda mrefu. "Basi umeshajua," alisema. "Masikio yangu yalikuwa yanatoka maji tangu utoto. Kila masika yanachukua kidogo. Siku hizi nasikia ngurumo na Sosteni, basi."

Ndipo nilipoelewa mambo mengi kwa pamoja. Kwa nini honi ya meli ilipolia watu wote waligeuza shingo kuelekea ziwani isipokuwa yeye. Kwa nini daima alianza yeye kuzungumza, na alizungumza sana, na alipenda kukaa mtu akiwa mbele yake mwangani. Mtu anayeuliza maswali yeye mwenyewe anajua jibu litafanana na nini.

Aliniomba nisimwambie mtu. Tajiri alikuwa amekwisha kumwachisha kazi dereva mmoja macho yalipofifia, na hakumwonea. Huwezi kumpa kipofu watu wa kubeba. Fundi mkuu ndiye aliyelijaribu basi barabarani kila lilipofunguliwa breki, na asiyesikia honi nyuma yake hangeachiwa usukani. Ta Rutta hakuwa na kazi nyingine duniani. Kibanja cha baba yake kilikuwa kwa kaka yake. Aliniambia wazi kwamba akikaa nyumbani bila injini hatamaliza mwaka, na nilimwamini.

"Na Ma Kemilembe?" nilimwuliza. Huyo alikuwa mke wake, mama wa watoto wake wote, ambao walikuwa wameshaoa na kuolewa.

"Huyo ndiye asijue kabisa. Akijua ataniombea misa. Padri atasoma jina langu mbele ya kanisa zima, na Sosteni anakaa benchi la mbele."

Mimi ni Mlutheri, mambo ya misa si yangu. Nikaahidi.

Tangu siku hiyo nikawa sikio lake. Karakana tayari tulikuwa na ishara za mikono, maana injini ikiwaka hakuna anayesikilizana: kidole kikizunguka ni washa, kiganja kikisukuma mbele ni ongeza mafuta, kiganja kikishuka ni taratibu, ngumi ni zima. Tukaziongeza mpaka tukaweza kuzungumza habari za watu. Tajiri alipokuja kutoa maagizo, nilisimama mahali Ta Rutta aliponiona na kurudia kila neno nikilitamka wazi: "Unasema springi ya nyuma, tajiri? Ya kushoto?" Tajiri aliamini kwamba mimi ni mzito wa kuelewa, na nadhani aliendelea kuamini hivyo hata baada ya kujua ukweli. Kuhusu basi barabarani, tulipatana kwamba asilijaribu bila mimi kukaa pembeni yake, na hakuvunja mapatano hayo hata mara moja.

Nyumbani kwake sikuwepo.

Ma Kemilembe alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache na mkono mzuri wa kupika. Adhuhuri alileta chakula karakana, ebitoke, yaani ndizi zetu za kupika, na maharage, vimefungwa kwenye jani la mgomba, bado vinatoa mvuke. Alifika mlangoni, akapiga magoti kama mke wa kwetu anavyomsalimu mumewe, akatoa salamu. Ta Rutta akiwa amemtazama, alijibu kwa furaha. Akiwa amempa mgongo, salamu ilipotea. Mimi nilirukia: "Injini, mama. Hasikii kwa injini." Alicheka, akangoja.

Siku moja, mabasi yote mawili yakiwa karakana kwa matengenezo, alipiga magoti, akasalimu, na Ta Rutta akaendelea kupanga plagi zake mezani. "Injini, mama," nilisema kwa mazoea. Ma Kemilembe akalitazama basi moja, akalitazama la pili. Yote mawili yalikuwa yamezimwa. Karakana ilikuwa kimya kiasi kwamba kuku walisikika kwa jirani. Akaweka chakula chini, akainuka, akapangusa magoti, akaondoka bila kuniaga. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia, na neno hilo nilikuwa nimelifunga kwa ahadi.

Kwetu kutojibu salamu ni tusi kubwa kuliko matusi yenyewe. Mtu unaweza kumnyima chakula akakusamehe. Ma Kemilembe alikuwa ameongea na mgongo wa mumewe jikoni, shambani na gizani kwa muda mrefu, na alikuwa amefikia uamuzi ambao mtu yeyote mwenye akili angeufikia: kwamba mume amemchoka. Wiki hiyo akafunga nguo zake akapanda basi letu hadi Muleba, akarudi kwa baba yake. Sosteni alimkatia tiketi, kwa hiyo siwezi kusema habari zilichelewa.

Ta Rutta alikuja kazini asubuhi iliyofuata akakaa juu ya debe lake. "Amekwenda," alisema. "Sijui nimefanya nini." Nilimwambia habari ya salamu kwa mdomo na kwa mikono. Alinitazama mpaka nilipomaliza, kisha akageukia ukuta. Nilimsihi aende akamweleze mkewe ukweli. Akakataa. Alisema ataenda kumfuata kwa desturi, ataomba msamaha kwa kosa lolote watakalolitaja, atarudi naye, na kazi yake itabaki. Alitaka vyote viwili. Nani asingetaka?

Mvua ndiyo iliyotupeleka. Masika ya mwaka huo mto ulichukua daraja la mbao lililokuwa bondeni baada ya Muhutwe, na basi moja likabaki upande wa Muleba. Tajiri akabadili safari. Basi la Bukoba likawa linaishia mtoni, abiria wakavuka kwa miguu juu ya magogo yaliyofungwa kamba, wakapanda basi la ng'ambo wakaendelea. Mabadiliko hayo Sosteni aliyatangaza akiwa katikati ya magogo, huku akipokea kuku, watoto na baiskeli za watu. Wapo waliokuwa wametembea kutoka Ngenge tangu jana yake ili kuwahi basi, wakakuta wanatakiwa kutembea tena, na hawakukasirika, maana Sosteni aliwachekesha. Lakini basi la ng'ambo halikuwa na karakana wala shimo. Tajiri akatutuma mimi na Ta Rutta tukakae Muleba tulihudumie huko mpaka daraja lijengwe.

Nyumba ya wakwe wa Ta Rutta haikuwa mbali na Muleba. Kaka yake, ambaye kwa haki ndiye angemsindikiza, alikuwa upande wa pili wa mto na mgonjwa wa mgongo. Ta Rutta akaniomba niwe ndugu yake kwa siku moja. Tulinunua kibuyu cha rubisi nzuri, pombe ya ndizi, tukapanga mbinu. Mimi ningekaa mbele yake, kidogo kando. Watakapotaja kosa, nitamwonyesha kwa mkono: kiganja chini, kubali taratibu, kiganja mbele, ongeza maneno, ngumi, nyamaza. Tulifanya mazoezi chini ya jua tukiwa tumeegemea basi, na ilikwenda vizuri sana. Nilikuwa na hakika tutamrudisha mke.

Tulikwenda mchana. Nyumba ilikuwa ya msonge, nzuri, ya mtu anayejiheshimu, na sakafu imetandazwa nyasi mbichi. Mkiwa mmezaliwa katika nyumba za mabati hamjui giza la msonge. Tuliinama mlangoni, tukaingia kutoka kwenye mwanga mkali, na mikono yangu ikapotea. Niliweza kuona weupe wa kanzu ya baba mkwe na mng'aro wa kibuyu, basi. Mbinu yetu ilikufa mlangoni.

Baba mkwe alipokea rubisi, akatupa nafasi ya kukaa, wazee wengine wawili wakakaa upande wake. Alianza bila ukali.

"Mkwe wangu, binti yangu hajasema kwamba umempiga. Hajasema umemnyima. Anasema anakusalimu hujibu. Anakuuliza jambo, unaondoka. Anasema tangu umekuwa mkubwa wa motokaa, yeye amekuwa kama ukuta. Ni kweli au si kweli?"

Nilimgusa Ta Rutta kiunoni, naye akaanza kusema alilokuwa ameliandaa: kwamba anaomba radhi, kwamba kosa ni lake, kwamba amekuja kwa unyenyekevu. Halikuwa jibu la swali lile hasa, lakini lilikaribia, na wazee wakaguna kwa kuridhika. Nikaanza kupumua.

Wakapitisha kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna, kama wageni wanavyopewa. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya kiambaza cha matete, mahali wanawake walipokaa. Ilikuwa ya Ma Kemilembe, na haikuwa na hasira.

"Rutta," alisema. Mke wa kwetu hamwiti mumewe jina tupu mbele ya watu, na wazee wote waliinua vichwa. "Sitaki radhi. Nataka kujua jambo moja. Bado unanitaka?"

Ta Rutta alikuwa amepokea kikapu muda huohuo. Akachagua punje moja, akaitia mdomoni, akaanza kutafuna. Nyumba nzima ikaisikia ikivunjika.

Nimeona basi likikatika breki na nimeona mto ukiondoka na daraja. Sijaona kitu kilichonitisha kama sauti ya punje ile. Nyuma ya kiambaza mtu alivuta pumzi. Baba mkwe akaanza kuinuka, akisema polepole, "Basi. Tumesikia wote." Mdomo wangu ulikuwa wazi na ahadi yangu iko ndani yake, na bado sijui ningefanya nini. Mkono wangu ulitangulia. Nilikunja ngumi nikamgandamiza nayo gotini, kwa nguvu, mara kadhaa. Zima. Zima. Zima.

Akaacha kutafuna. Akageuza uso huku na huko, akaona weupe wa kanzu umesimama ambapo ulikuwa umekaa. Alielewa kwamba jambo limesemwa na limempita. Nilijua anachagua kati ya mke na kazi. Kisha akashuka kutoka kwenye kiti, akapiga magoti juu ya nyasi.

"Waitu," alisema, "kuna mtu amenisemesha?"

Hakuna aliyejibu, na kama wangejibu asingejua.

"Kama limesemwa neno, halikunifikia. Mimi ni kiziwi. Nimekuwa kiziwi muda mrefu, nimeficha, huyu Zakaria niliyekuja naye amenisaidia kuficha. Nilificha kwa ajili ya kazi. Sikumnyamazia mke wangu. Sikujua kama ananisemesha."

Alisema yote hayo kwa sauti kubwa mno, kama viziwi wanavyofanya, na watoto waliokuwa nje walikusanyika mlangoni. Nilijua, naye alijua, kwamba kabla ya jua kutua yatakuwa yamefika mtoni, na mtoni yuko Sosteni.

Ma Kemilembe akatoka nyuma ya kiambaza. Hakumtazama baba yake wala mimi. Akamshika mumewe mkono, akamwinua, akamtoa nje kwenye jua, mbele ya watoto, majirani na mbuzi. Akamshika mashavu akaugeuza uso wake umwelekee. Kisha akarudia swali lake polepole, neno moja moja, naye akautazama mdomo wake mpaka neno la mwisho.

"Nakutaka tangu zamani," alisema Ta Rutta. "Nilidhani unajua."

Ma Kemilembe alilia pale, kisha akamgombeza palepale, kwa vidole, kwa macho, kwa mdomo, na yeye akaitikia kwa kichwa kila kosa. Baba mkwe aliagiza rubisi imiminwe. Mimi nilienda nyuma ya migomba nikajifanya natafuta njia ya choo, maana nami nilikuwa nalia na nilikuwa ndugu wa bwana harusi.

Tajiri alikuwa karibu kusikia kwa Sosteni, lakini Ta Rutta alimwahi. Tulivuka mto kesho yake asubuhi, akaenda moja kwa moja dukani kwa tajiri akamwambia. Tajiri aliuliza ni nani aliyekuwa anajaribu mabasi barabarani, nikasema ni sisi wawili pamoja. Akanipa mimi kazi ya barabarani kuanzia siku hiyo, injini akamwachia Ta Rutta, na akatubakisha wote mjini. Ilimwuma Ta Rutta kuachia usukani. Alizunguka banda siku kadhaa, na mimi nilimwacha, kwa sababu kuna maumivu ambayo ukiyafariji unayaongeza. Kisha basi la Muleba likarudi daraja lilipojengwa, likiwa linagonga vibaya, akachukua kijiti chake akakiuma. Tajiri naye alijifunza ishara zetu, ingawa hakuwahi kuzimudu. Mara nyingi alikuja kumkaribisha Ta Rutta chai na kumwonyesha ngumi, na Ta Rutta akazima injini.

Alifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na mafundi wote wa mji ule, ninyi mkiwemo, mmetoka mikononi mwake au mwangu, ambayo ni mikono yake. Ma Kemilembe aliendelea kuleta chakula, lakini hakusalimu tena kutoka mlangoni. Alizunguka gari mpaka afike mahali anapoonekana, ndipo akapiga magoti. Kama mumewe alikuwa chini ya basi, aliinama akachungulia. Jioni alikuja tena wakaenda nyumbani pamoja.

Mnajua desturi: mwanamume hutangulia, mke hufuata. Wao waligeuza. Ma Kemilembe alikuwa mbele na mzigo wake, Ta Rutta nyuma ameshika koti begani, na motokaa ikija yeye mama aliinua mkono ili mumewe aingie kando. Walipita hivyo kila jioni, na watu walicheka sana. Walisema Ta Rutta ameolewa. Siku moja baada ya misa nilikutana nao njiani, na mzee mmoja wa heshima aliyekuwa pamoja nao alishindwa kuvumilia akamwuliza Ma Kemilembe kama haoni aibu kumtangulia mumewe mbele za watu.

Ma Kemilembe hakusimama.

"Nikifuata nyuma, waitu, nikaanguka," alisema, "huyu atafika nyumbani peke yake."